Chupa Tatu za Jamu

Noreen kazipanga ngazini pa gari-nyumba, Ceduna,
maji nusu, kipande cha tishu kila moja.
Anatikisa. Anahesabu hadi ishirini.

Ile nene, yenye maua, imegoma:
inaelea mle nzima, kama shela.
Ndiyo aliyoipenda Merv.
Ndiyo iliyoziba tangi jangwani Nullarbor,
akalala chali chini ya gari na waya mkononi,
akitukana nzi na kiwanda.

Ya pili imechanika shingo upande.
Ya tatu, nyepesi, ya bei ya kutupa,
imekuwa ukungu,
kisha haipo.

Basi, hiyo. Mabunda mawili.

Kabatini zimebaki roli tano za maua.
Chooni haziingii tena.
Ni za mafua,
na za usiku mmoja mmoja.