Alhamisi Bila Kumbusho

Kutoka mlango wangu hadi hospitali, hapa Brno,
ni dakika ishirini na mbili.
Sikuwahi kuiuliza simu. Ilijifunza yenyewe,
na Alhamisi ya tatu, saa tisa kasorobo,
ikaniambia: Ondoka sasa. Njia nyeupe.
Koti nilikuwa nimeshavaa,
supu ya mama imo kwenye chupa ya chai.
Nilicheka. Nikajiona nimepata msaidizi.

Mama alikufa Jumanne, theluji imegeuka tope.
Alhamisi, saa tisa kasorobo:
Ondoka sasa. Njia nyeupe.

Wiki iliyofuata ikaniletea mawe ya makaburi,
itale nyeusi, itale nyekundu,
kuchonga jina ni bure ukilipa kabla ya Pasaka.
Sikuwa nimeandika popote neno kaburi.
Nililia tu, jikoni,
simu imelala kifudifudi kando ya mkate.
Kikulacho ki nguoni mwako, sawa.
Lakini hiki kilikuwa kinanibembeleza.

Rozálie wa ghorofa ya tatu, miaka kumi na saba,
kucha za mkono mmoja tu zimepakwa kijani,
alishuka na waya na kompyuta iliyojaa vibandiko.
"Itafuta kila kitu," alisema.
Futa.
"Kila kitu," akarudia, kama daktari wa zamu.

Picha tulishazitoa. Na sauti za mama, nne,
zote akilalamika kwamba sipokei.

Kuna kitambo simu haiwi ya mtu:
mfumo wa zamani umeng'olewa, mpya haujaingia,
kioo cheusi, na mstari mwembamba unatambaa.
Ulikwama kwenye arobaini na moja.
Rozálie akang'ata ukucha wa kijani.
Mimi nikalitazama birika.

Ikaamka. Haikuuliza jina langu,
wala nilizaliwa lini, wala haikutaka kidole.
Ilikaa mezani kama chumba kilichopakwa chokaa jana,
kabla ya kitanda, kabla ya msumari wa kwanza.
"Msimbo wake uko wazi," alisema Rozálie,
"yeyote anaweza kuusoma."
Wewe umeusoma?
"Hapana. Ila wapo waliousoma."
Kisha, kwa haya: "Nadhani."

Sitadanganya kwamba ni bure.
Programu ya benki ilinitazama, ikanifungia mlango;
sasa napanga foleni na wazee wenye vitabu vya akiba.
Tramu nalipa kwa sarafu.
Mjukuu wa Drahomíra aling'oka jino la kwanza,
ukoo mzima ukashangilia mahali nisipoingia tena,
nikapata habari siku ya tisa.
Kaka yangu Bořivoj anasema nimejiunga na watawa.
"Unaficha nini?" aliuliza, kwake, sebuleni,
akiinuka kufunga pazia.

Kisha ikaja Alhamisi.
Saa tisa kasorobo ikapita. Saa tisa. Na robo.
Nilikuwa namenya viazi, sikujua
hadi taa za barabarani zilipowaka.
Nikasimama na kisu mkononi,
moyo umenipasuka kama wa mzazi
aliyemsahau mtoto shuleni.
Maana mpelelezi yule, mfukoni mwangu,
ndiye peke yake duniani
aliyekuwa bado anamtarajia mama.

Nilizima jiko. Nikavaa koti.
Njia ya makaburini hii simu haiijui,
na sikuiuliza.
Nilihesabu mwenyewe: ngazi, kituo, tramu namba nane,
kisha kupanda kilima kwa miguu.
Nilipotea mara moja, kwenye kona ya duka la vitambaa,
nikageuka, nikarudi.
Hakuna palipoandikwa.