Unene

Saa nane mchana, na Oulu imeshawasha taa.
Theluji ya jana imegeuka kioo njiani.
Taavi ameingia akikumbatia koti lake
kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine amshike.

Miaka kumi na sita. Mizani yangu inasema
kilo mia moja na nne, na nusu.
Ile nusu siiandiki. Sijui kwa nini.
Namwambia avue mkanda, saa, hereni;
sumaku haina utani na chuma.
"Na viatu?"
Viatu pia. Soksi moja ina tundu kidoleni,
anaificha kwa mguu wa pili.

Mama yake, Marketta, amebaki kwenye benchi la korido
akisoma tangazo la chanjo kwa mara ya tatu.
Aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini:
alikuwa mwembamba huyu, fito,
akiteleza barafuni hadi wamzimie taa za uwanja.
Kisha vidonge. Au kisha sonona, kisha mikate ya usiku, kisha vidonge.
Mpangilio umempotea.
Hata Daktari Lehtisalo, mwenye utafiti wake
na jedwali la vijana tisini,
nikimuuliza kipi kilimtangulia mwenzake
hujikuna sikio kwa kalamu.

Kitanda hiki ni chembamba.
Aliyekichonga alimfikiria mtu mmoja tu.
Mabega ya Taavi yanagusa kuta zote mbili,
nami naweka mpira mkononi mwake: ukizidiwa, bonyeza.
Kitanda nisichokilalia;
kunguni wake nawasikia kwenye kipaza sauti,
wakipumua.

Mashine inagonga. Nyundo, king'ora, nyundo.
Dakika thelathini na nane.
Kwenye skrini ubongo unajitokeza
kama kabichi iliyopasuliwa kati:
mikunjo, mabonde, kijivu juu ya kijivu.

Hapa, juu kidogo ya jicho, Daktari ataweka kipimo chake.
Unene wa gamba: milimita mbili na kitu.
Atatamani ziongezeke.
Neno ni lilelile. Unene.
Shuleni, kwenye foleni ya supu ya samaki,
wanamtupia kama jiwe;
humu ndani tunalisaka kama wachimba dhahabu,
tunaligawa milimita vipande mia,
na likipungua
tunanong'ona.

Sisemi nimeona kitu. Sikuona.
Kichwa kimoja si utafiti,
na huzuni haikuniachia hata alama ya kidole.

Ametoka, nywele zimelala upande.
"Umeiona?"
"Nini?"
"Hiyo."
Nimejibu kwamba mimi napiga picha tu,
jibu la kweli ambalo hunisaidia kila siku kukwepa.
Akafunga kamba za kiatu kimoja, akasita.
"Ubongo una kilo ngapi?"
"Moja na ushei."
Akahesabu kwa midomo.
"Basi hizo mia nyingine si kitu," akasema,
na sikujua kama nicheke,
maana yeye alikuwa anacheka, kidogo, akitazama sakafu.

Koridoni Marketta amesimama.
Mkononi ana andazi la mdalasini ndani ya karatasi.
Alipomwona akalirudisha mkobani.
Kisha akalitoa.
Kisha nikafunga mlango, maana aliyefuata
alikuwa ameshavua saa.