Chekeche Nyuma ya Sikio

Kilikuja ndani ya nta, namba mia nne na kumi na mbili,
kipande kisichozidi punje ya kunde,
kimekatwa kichwani kwa Bwana Hanzlík,
fundi wa vinanda vya kanisa hapa Olomouc.
Miaka saba kitana kilikuwa kikikikwaruza.
Daktari wa mtaani kwake alikiita mafuta.

Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Radovan, kijana mwenye macho makali na pupa,
anainua uso kwenye hadubini:
"Saratani ya ngozi, ile ya kila siku. Nigonge muhuri?"

Subiri. Sogeza kioo kidogo. Hapo.
Unayaona matundu?
Si matundu ya kuoza, ni ya kufumwa,
duara kwa duara, kila moja na ute wake wa samawati,
kama mtu kachoka kuchekecha unga
akaacha chekeche mezani.
Ngozi haifumi hivi.
Hivi hufuma kinywa,
hufuma tezi zinazotulowanishia mkate.

Mate yanatafuta nini kichwani?

Nikampigia Zdislava, daktari wa upasuaji,
asiyependa simu kabla ya kahawa.
"Mfungue mdomo. Chini ya ulimi. Kaakaa. Mashavu.
Papasa taya. Mpige picha, shingo hadi mapafu."
Maana mgeni huulizwa kwanza atokako:
kama kwao ni kinywani, hiki cha kichwani ni tawi tu,
na shina tumeliacha gizani linanenepa.

Siku tisa.
Rangi ya kahawia ikashika seli zilezile tulizozishuku.
Jeni mbili tulizikuta zimevunjika,
zikaungwa mahali pasipo pao.
Picha zikarudi: kinywa kitupu, mapafu hayana doa.

Basi kilizaliwa papo hapo, ngozini, kwenye tezi ya jasho.
Jasho na mate, Radovan, ni ndugu wa tumbo moja:
mmoja alibaki ndani, mwingine akatoka juani,
na sura ya ukoo haifichiki.

Usifurahi bado. Tazama pembeni,
kimeuzunguka mshipa wa fahamu kama mkanda,
kinatambaa nao, hakina haraka.
Mwandikie Zdislava akate tena, mbali zaidi.
Na Bwana Hanzlík aje kila mwaka, hata akijiona mzima.
Hasa akijiona mzima.

Nimeandika jina refu la ugonjwa,
kisha neno moja, *asilia*,
nikalisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.
Nikameza mate.
Niliyasikia yakishuka.