Shilingi Ishirini kwa Sehemu

Nimeinakili mara mia moja na sita, nimehesabu,
kwenye flashi za rangi zote, na moja yenye umbo la ndizi
ya Shekuwe wa kwa fundi cherehani,
kabla sijaitazama.

Dukani kwangu Langoni pana meza, kompyuta mbili,
feni isiyogeuza shingo, na mlango
ambao punda wa kokoto huupiga kwa makalio
akimpisha mwenziwe.
Wavulana huingia Alhamisi baada ya alasiri.
"Dada, yeo iko?"
Iko.
"Ya picha safi?"
Safi.
Jina lake hawalitaji tena. Husema ile,
kama mtu anavyosema yule
akimkusudia anayemdai.

Basi juzi umeme uliporudi saa nne usiku
nikajifungia na sehemu kumi na mbili na kipande cha kashata,
nikaiambia kompyuta: haya, nishawishi.

Kuna mchukuzi. Dhaifu hata miongoni mwa wachukuzi.
Huwabebea mashujaa magunia yao ndani ya kisima
chenye ghorofa mia moja, zote zikielekea chini.
Sehemu ya pili wanamwacha huko.
Gizani, maandishi ya buluu yanaelea mbele ya macho yake:
Nguvu, moja. Kasi, moja. Bahati, sufuri.
Na chini kabisa: Simama.
Hapo, nakiri, kashata ilinisubiri mkononi.

Akasimama. Akasimama mno.
Sehemu ya tano ameua joka.
Ya sita, joka na mamaye.
Ya saba ameota koti refu jeusi, sijui alishonewa na nani kisimani.
Ya nane rafikiye analia, anamwambia hukuwa hivi,
kisha rafiki haonekani tena,
kama kijiko ulichoazima jirani.
Kila adui huja na hotuba na hufa katikati ya sentensi.
Yupo mwanamke mmoja: upanga wake ni mrefu
kuliko maneno yote aliyopewa aseme.

Mapigano ni mazuri, sikatai.
Cheche zinachorwa hewani na mkono unaojua khati.
Lakini mji huu mtu hufunzwa mizani angali mtoto:
mstari wako ukizidi silabi moja
ukumbi mzima unakohoa.
Hii imezidi silabi elfu
na dunia nzima imekaa kimya, inapiga makofi.

Uamuzi wangu nikauandika nyuma ya risiti:
mbili za kwanza, lipa.
Zilizobaki, nikopeshe macho yangu nikurudishie.

Asubuhi akaja Lali, ambaye kila sehemu ameirudia mara tatu.
Vumbi la saruji limemkaa kwenye nyusi.
"Imevuma bure," nikamwambia. "Debe tupu."
Sikuona hasira. Aliuliza tu,
"Ile namba, umeiona inavyopanda?"
"Kila dakika. Inachosha."
"Mimi nimepandisha mifuko Mkomani miaka minne,
nyumba za watu, ghorofa tatu, hadi darini."
Akajipapasa bega kama anatafuta kitufe.
"Hakuna aliyenionyesha namba."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo zuri,
kuhusu hadithi na sanaa na tofauti yake na peremende.
Feni ikalipeperusha.

Akaweka sarafu ya ishirini mezani, akaomba ya kumi na tatu.
Nikamwambia asubiri, tuiangalie kama ni nzima,
nikamsogezea kibao.

Mchukuzi, ambaye sasa ni mfalme wa kitu fulani,
ananyoosha kidole kimoja
na mlima unapasuka vipande viwili, kama andazi.
Mlima haukuwa umemkosea.
Namba zinapanda, zinapanda, zinatoka nje ya kioo.

Sikusema neno.
Nikamtazama Lali kwa pembe ya jicho.

Lali akakohoa.