Somo la Mshare

Siku ya kwanza Dada Nakiete alitoa kwenye mkoba
mshare mmoja mbichi, wa mtori,
akaulaza juu ya meza ya ofisi ya kata, Pasua,
kando ya mhuri na daftari la mahudhurio.
Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani.
Tulikuwa kumi na wanane: wasusi, fundi pancha,
mkata majani ya ng'ombe, Rukia wa Njoro muuza vitumbua,
na mimi, muuza viatu vya mtumba Kiborloni,
niliyefuata nauli na soda.

"Tarehe kwanza," akasema. "Kisha bonyeza, usikie hewa.
Usichane kwa meno. Una haraka ya kwenda wapi?
Minya ncha. Teremsha mpaka chini."
Vidole vyangu, vinavyopitisha kamba kwenye matundu ya raba
hata umeme ukikatika,
vikatetemeka kama vya bwana harusi.
Mshare ukaanguka.
Rukia akauokota, akaufuta kwa pindo la kanga:
"Haya. Tena."

Usiku ule mama alipika mtori.
Sikumwambia kwa nini sikumaliza bakuli.

Siku ya pili tukaambiwa, litajeni kwa jina lake.
Si ngoma. Si mdudu.
Si "kakanyaga miwaya."
Ukumbi ukanyamaza, tukasikia mashine ya kusaga
ng'ambo ya barabara.
Mimi neno hilo nilikuwa nalo kooni tangu miaka kumi na mmoja,
tangu kaka Kaanaeli aliporudi kutoka Mererani
akiwa mwepesi kuliko begi lake,
tukasema kifua,
tukasema amelishwa kitu huko mgodini,
tukamzika kihambani, migomba ikanenepa,
tukaendelea kusema kifua.
Sahani yake mama aliitenga juu ya kabati.
Ipo. Hakuna anayeipakulia.

UKIMWI, nikasema.
Halikuwa neno refu.

Siku ya nne, maigizo.
Onaeli, fundi pancha, akacheza mwanamume mkaidi,
kajifungua kifungo, kaegemea ukuta:
"Mtoto, pipi hailiwi na ganda lake!"
Nikapekua kabrasha kutafuta jibu. Halimo.
Rukia akasimama, wala haikuwa zamu yake.
"Mimi si pipi.
Pipi ikishaliwa imekwisha.
Mimi kesho saa kumi alfajiri nina unga wa kuchapa."
Onaeli akafunga kifungo chake.
Dada Nakiete aliacha kuandika.

Cheti changu kimekosewa herufi moja ya jina.
Nilikitundika kibandani hivyo hivyo, juu ya raba za watoto,
na boksi la kondomu nikaliweka palipokuwa na soksi,
maana vijana hapa huziita soksi,
na wanaoona haya waombe soksi.

Jumatatu akaja Ndesario, anayeosha pikipiki mtoni.
Akachukua tatu. Akasoma cheti taratibu, kama anakagua bei.
"Mwalimu, wewe mwenyewe umepima?"

Muuza viatu anajua kusema ndiyo.
Ndiyo, ni ngozi. Ndiyo, namba yako hiyo.
Ndiyo, itajinyoosha ukiivaa.
Ulimi ulishaanza kujipanga.

Bado, nikasema.

Hakucheka. Afadhali angecheka.
Nikashusha turubai saa nne asubuhi, siku ya soko,
jirani akauliza nani kafa.
"Naogopa," nikamwambia Ndesario. "Na wewe?"
Akatazama viatu vyake.
Tukashika njia ya Mawenzi kwa miguu.
Mlima siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu gubigubi.
Vizuri. Sikutaka kuangaliwa.

Kwenye benchi akanyoosha mguu.
Raba nilizomuuzia mwezi wa tatu, soli imeachama.
"Ulisema hizi zitadumu."
"Nilikudanganya," nikasema.

Nesi akaita namba yangu.