Daftari la Paraska

Bibi yangu Paraska aliandika madeni kwa penseli
katika daftari la gamba jekundu:
*Daktari, kukata kidole tumbo cha Hnat.
Kuku sita. Magunia mawili ya viazi.
Ng'ombe wa maziwa, mtoto akipona.*

Hnat hakupona.
Ng'ombe akaenda hivyo hivyo.

Saskatchewan upepo hauna pa kujishika.
Nyanda zimelala kama meza iliyokwisha futwa,
na daktari wa karibu yuko maili arobaini,
theluji ikikubali.

Ndipo wakulima wa ngano wakaketi darasani,
kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu,
wakaulizana: tukichanga kodi, kila shamba kidogo,
tukaajiri daktari mmoja, awe wetu sote
kama kisima, kama barabara?
Mikono ikainuka. Wa Petro Savchuk ulibaki mfukoni;
Petro alikuwa na afya ya fahali.
Mwaka wa pili daktari yule alimzalisha mkewe mapacha.
Petro akaja mkutanoni na keki ya asali,
akaiweka mezani, asiseme neno.

Haba na haba hujaza kibaba, tunaambiwa.
Hatuambiwi wangapi huzikwa
kibaba kikiwa nusu.

Kwanza kifua kikuu. Miaka mingi. Kisha vitanda vya hospitali.
Kisha Julai ya sitini na mbili: sheria ikaanza kazi,
na madaktari wakafunga milango.
Siku ishirini na tatu.
Jirani tuliyeazimana naye mbegu akaacha kutusalimu.
Mama alikuwa na mimba yangu, miezi tisa kasoro wiki,
akihesabu siku zangu na siku za mgomo
kwa vidole vile vile.

Aliyenipokea ni kijana aliyeletwa kwa ndege kutoka Uingereza,
ana mwavuli mkononi, kwenye ukame ule.
Baba akatoa pochi. Kijana akatikisa kichwa.
Baba akaendelea kuishika, kama mtu
aliyesukuma mlango kwa bega akaukuta wazi.

Usiku bibi alifungua daftari,
akaandika jina langu, uzito wangu.
Penye malipo penseli ikasimama muda mrefu;
karatasi imebonyea pale mpaka leo.
Kisha akaandika: *kuku mmoja.*

"Si deni," akasema. "Ni adabu."