Kwa Mwakio, Baada ya Runinga Kufa

Kwa Mwakio hakuna kibao mlangoni.
Ukishapita kinu cha posho, huku Mikindani,
ukakuta kimya kimekaa kitako,
umefika.

Meza sita. Moja ina mguu mfupi,
imekingiwa kitabu cha simu cha zamani
chenye nambari za watu wasiopokea tena.
Viti vyote ni plastiki, vigumu;
Bi Mghoi, muuguzi wa Port Reitz,
huja na mto wake kwa ajili ya mgongo,
akanywa tangawizi moja kwa saa mbili,
na hakuna amuulizaye anangoja nini.

Mwakio ana swali moja tu duniani:
"Moto au baridi?"
Ukishajibu, amekwisha kukujua.

Palikuwa na runinga.
Siku za mpira ungedhani nyumba inazaa.
Ikafa dakika ya themanini na nane, mbili kwa mbili:
moshi mwembamba ukatokea nyuma,
wateja wakatokea mbele,
wakahamia kwa jirani mwenye kioo
kikubwa kama mlango wa gereji.
Tukabaki wanne.
Hatukuwa marafiki. Tulikuwa tumeshaagiza.

Ndipo Chengo, karani wa makontena,
akauliza, bila kumlenga mtu,
kama samaki hulala.
Odera, mshona viti vya magari, akasema hapana.
Bi Mghoi akasema hulala macho wazi,
kama mlinzi wa wodi namba tano.
Tulitoka saa sita usiku
samaki bado hajalala.

Fundi alikuja mara mbili.
Kifaa, akasema, ni mia nane.
Tukachanga mia nane pale pale,
sarafu, na noti zilizolowa bia,
tukampa
asirudi.

Mimi nilichanga. Kusema, sikusema.

Mimi ni mkalimani wa mahakama.
Miaka kumi na tisa natamka "mimi"
na simo ndani yake:
mimi ndiye niliyemchukua yule mbuzi,
mimi sikumpiga, aliteleza,
mimi ndimi mke wa kwanza, mheshimiwa.
Kigiriama kinaingia kwa sikio,
Kiingereza kinatoka kwa mdomo,
na mimi katikati ni mfereji;
maji si yangu.
Ikifika jioni ulimi umekufa ganzi
kama mguu uliokaliwa.

Basi usiku mmoja wa Julai, manyunyu,
stima ikapotea mtaa mzima.
Mwakio akasimamisha mshumaa kwenye kizibo.
Walikuwa wanabishana juu ya ndizi,
kama za mwaka huu zina ladha ya za zamani
au ni ndimi zetu zilizozeeka,
na Odera akanigeukia:
"Na wewe, Nyale, unaonaje?"

Nikangoja.
Kwa mazoea, nikangoja mtu aseme
ili nifasiri.

Hakuna aliyesema.
Mwakio aliacha kufuta glasi.
Manyunyu yakapita juu ya mabati
yakihesabu kitu, yakikosea, yakianza upya.

Nikasema:
"Mimi naona...
ndizi ni zile zile.
Ila mama alikuwa akizimenya."

Sentensi ya kawaida, haina hata kitenzi cha maana.
Hakimu hakuiandika.
Hakuna aliyeapa kabla yake.
Lakini niliisikia ikianguka mezani
na sikumtafuta mwenyewe kwa macho.

Chengo akapinga, bila shaka.
Bi Mghoi akausogeza mto wake karibu,
akauliza mama alikuwa mtu wa wapi,
na nikajibu, nikarudi nyuma nikasahihisha,
nikaruka hadi Kaloleni, nikapotea njiani,
nikaanza tena kwa jiko la kuni na bakuli la samawati.

Stima iliporudi, friji ikakohoa.
Mwakio akasimama juu yangu na kifunguo:
"Moto au baridi?"

Nikamwambia, ngoja kwanza,
sijamaliza.